Cheo cha unahodha hakiuzwi dukani

KATIKA mchezo mmoja maarufu wa kompyuta unaochezwa kupitia intaneti, mtu anayejiunga leo hupewa wavu mdogo na kuambiwa aende akavue uduvi. Akitamani kuvua kambakoche, yule kamba mkubwa wa miambani, sharti kwanza apande hadi daraja la 40. Papa hamgusi mpaka afike daraja la 76. Daraja la juu kabisa ni la 99.

Mchezo huo unaitwa RuneScape. Ulianzishwa nchini Uingereza mwaka 2001, na si mgeni kwa vijana waliokulia karibu na vibanda vya intaneti, iwe Mombasa, Nairobi au Ulaya. Ili kufika daraja la 99 katika uvuvi, mchezaji hukusanya pointi zaidi ya milioni 13. La kushangaza ni kwamba anapogusa daraja la 92 na kudhani kwamba amekaribia kumaliza, ndipo kwanza amefika nusu ya safari.

Mzee wa Chula au Koyama, hata kama hajawahi kushika kompyuta, akisimuliwa habari hizi ataujua mwendo huo mara moja. Ndio uliomlea. Visiwani hakuna aliyeanza na papa. Kila mtu alianza na uduvi.

Kwa wanaorejea Kismayo na visiwa vyake, na kwa wafanyabiashara wanaopakia bidhaa kati ya Lamu na pwani ya Somalia, haya si mazungumzo ya watoto. Ni suala la mali na roho za watu. Mtu mwenye akiba anaweza kununua mashua asubuhi, akafunga mashine adhuhuri na kuajiri vijana jioni. Lakini mtu wa kuifikisha mashua hiyo bandarini salama hapatikani dukani. Yeye hutengenezwa, na hutengenezwa polepole.

Ngazi ya baharini

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga mstari mmoja juu ya mwamba, sambamba na bara, kutoka kusini mwa Kismayo kuelekea Ras Kiamboni mpakani mwa Kenya. Miongoni mwake ni Koyama, Chovai na Chula. Ukivuka mpaka, Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, unawakuta Kiunga, Kiwayu, Ndau, Kizingitini na Faza. Bahari ni ile ile na lugha ni ile ile, ila mpaka wa serikali umepita katikati.

Kati ya visiwa na bara maji ni haba na yametulia. Nje ya mwamba ni bahari kuu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kusi huanza Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi linapokaza, hasa Juni hadi Agosti, asiyejua mlango wa kuingilia mwambani hana pa kukimbilia.

Kwa desturi, mtoto wa kiume alianzia ufukweni. Maji yakitoka wakati wa bamvua, alifuatana na wakubwa miambani kutafuta pweza na chambo. Akipata nguvu kidogo huingia chomboni, lakini si kuvua. Kazi yake ni kuteka maji ya ngama, kuwasha moto, kupika na kutumwa. Hakuna anayemkalisha darasani. Anatazama, anasikia, anakemewa.

Baadaye hupewa kamba. Hapo atavuta henza, atasaidia kugeuza foromali na kukunja tanga. Kisha hupewa mshipi. Halafu siku moja ya upepo mwanana huachiwa shikio kwa muda mfupi, mchana, ndani ya mwamba. Shikio la usiku, nje, chombo kikitafuta mlango wa kuingilia, hilo humngoja miaka.

Nahodha kamili ni yule anayejua mlango upi unapitika maji yakijaa na upi unaua. Anajua mkondo wa bamvua unavyotofautiana na wa maji mafu. Anasoma nyota, rangi ya maji na alama za bara. Akitia bildi hutambua si kina tu, bali pia mchanga au mwamba ulio chini yake. Elimu hii haikuandikwa popote. Imo vichwani na mikononi mwa watu.

Chukua mfano wa kambakoche. Katika pwani ya Kiunga, mvuvi huzamia akiwa na pweza kwenye kijiti. Humpitisha pweza huyo mbele ya tundu la mwamba, na kambakoche akimwona adui yake hutoka mbio mwenyewe na kuingia wavuni. Kusimulia ni rahisi. Lakini kulijua tundu lenyewe, kuzuia pumzi na kufanya hayo yote bila kujikata na mwamba ni kazi ya misimu mingi.

Wazee wa zamani walivuka hata hapo. Walimtumia chazo, samaki anayejigandisha kwenye viumbe wakubwa, kuwavua kasa. Chazo alifungwa kamba mkiani, akaachiwa, akaenda kujibandika kwenye gamba la kasa, na mvuvi akavuta taratibu. Leo kasa analindwa na sheria nchini Kenya, na eneo la bahari la Kiunga limekuwa hifadhi tangu mwaka 1979. Hata hivyo, ujuzi wa namna hiyo unaonyesha jinsi watu hawa walivyoifahamu bahari. Msomi wa Kitaliano, Vinigi Grottanelli, aliandika kitabu kizima juu ya wavuvi Wabajuni kilichochapishwa mwaka 1955.

Polepole hujenga jamii

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mambo yacheleweshwe hivyo? Si ingekuwa bora kijana afundishwe yote kwa miezi mitatu aanze kujitafutia?

Jibu ni kwamba miaka ile haikuwa ya kumfunza kijana kazi peke yake. Ilikuwa pia ya kuwafanya watu wajuane.

Kwanza, mkubwa na mdogo walihitajiana. Jahazi la tanga haliendeshwi na mtu mmoja. Nahodha asipopata vijana wa kuvuta henza hasafiri, na kijana asipopata nahodha wa kumchukua hajifunzi. Kwa hiyo mwenye ujuzi alikuwa na sababu ya kufundisha, na asiye nao alikuwa na sababu ya kuvumilia.

Pili, sifa haikuweza kughushiwa. Aliyeitwa nahodha alikuwa na mashahidi wengi waliomwona akiteka ngama, akikosea, akirudia na hatimaye akifaulu. Mtu anaweza kujisifu barazani, lakini hawezi kuwadanganya watu aliolala nao chombo kimoja kwa miaka kumi.

Tatu, biashara ilisimama juu ya sifa hiyo. Mfanyabiashara aliyepakia papa mkavu, boriti au nazi hakuwa na bima. Bima yake ilikuwa jina la nahodha. Chombo kikichelewa, alijua ni upepo na wala si wizi.

Nne, kazi zilishikana. Mvuvi alimtegemea fundi wa tezo, fundi akamtegemea msokota kamba, na wote wakawategemea wanawake waliosuka mikeka, kukausha samaki na kuwauza. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua yote kwa muda mfupi, hakuna aliyeweza kumdharau jirani yake.

Yaliyowakuta wachezaji wa intaneti

Jambo hili si la visiwani peke yake. Wale wachezaji wa RuneScape nao waliligundua, tena kwa uchungu.

Kwa kuwa kupanda daraja kulichukua muda mrefu, walizuka watu waliouza dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi. Mtu mvivu alinunua alichokosa kukitafuta. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, kampuni ya Jagex inayoumiliki mchezo iliamua kubana biashara huru baina ya wachezaji ili kuwazima walanguzi hao. Waaminifu nao wakaumia. Biashara ilifunguliwa tena Februari 2011.

Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Kenya ilipotangaza kuufunga mpaka wake na Somalia Januari 2007, aliyeuza unga na aliyekuwa na nia mbaya walifungiwa mlango mmoja.

Mwaka 2012 kampuni hiyo ilikwenda upande mwingine. Ikaingiza njia za kujipatia mafanikio kwa kulipa, na mwezi wa Novemba ikabadilisha kabisa namna ya kupigana ndani ya mchezo. Watu waliotumia miaka kupanda waliona ngazi yao imekatwa. Wengi wakahama.

Februari 2013 wachezaji walipiga kura, na kampuni ikalazimika kuufungua tena mchezo kama ulivyokuwa mwaka 2007, pamoja na upole wake wote. Kwa miaka mingi baadaye, jambo jipya halikuingizwa humo mpaka robo tatu ya wapiga kura wakubali. Watu waliopewa nafasi ya kwenda haraka walichagua wenyewe kurudi kwenye mwendo wa pole.

Bila shaka hawakuwa wanapenda kuchoka. Walichokitaka ni kuona kwamba mwenye cheo amekipata kwa jasho, na kwamba mgeni anayeanza na uduvi leo anapitia njia waliyoipitia wao.

Njia ya mkato ya mwaka 1975

Somalia nayo iliwahi kujaribu kutengeneza wavuvi kwa haraka. Ukame wa mwaka 1974 na 1975, unaojulikana kwa jina la Dabadheer, uliangamiza mifugo mingi. Serikali ya Siad Barre, kwa msaada wa ndege za Kisovieti, iliwahamisha makumi ya maelfu ya wafugaji kutoka kaskazini. Wengi walipelekwa kwenye mashamba kusini mwa nchi, na maelfu wengine wakawekwa pwani, katika sehemu kama Baraawe, Cadale na Eyl, ili wawe wavuvi.

Walipewa mashua za mashine na mafunzo. Wapo waliojitahidi na kuwa wavuvi hodari, kwani bahari haiulizi kabila la mtu. Lakini mashua nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri, na wanaume wengi waliondoka wakarudia mifugo au kutafuta kazi kwingine.

Kosa halikuwa la wafugaji. Mfugaji naye ana ngazi yake, na mtoto wa pwani akipewa ngamia 50 leo hatawafikisha kisimani. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukimpa mtu chombo umempa pia ujuzi.

Ngazi ilipovunjika

Vita vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni walishambuliwa, wakaporwa vyombo na nyavu, na wengi wakakimbilia Kenya. Wapo waliofikia Lamu na Malindi, na wengine wakaishi kambini Mombasa, kama vile Jomvu. Baadaye baadhi yao walifika Ulaya.

Waliopoteza nyumba waliweza kuzihesabu. Lakini kuna hasara ambayo haikuhesabiwa. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1991, ambaye ndio kwanza alikuwa anateka ngama, alikulia kambini au mjini. Nahodha ambaye angemwachia shikio alizeeka au alifariki dunia mbali na bahari yake. Ngazi haikuvunjika juu wala chini bali katikati, na aliye chini akabaki akitazama juu bila pa kukanyaga.

Athari zake zilionekana hata mbali. Nchini Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi walipimwa kwa Kibajuni chao na kwa walivyoyajua maisha ya visiwani. Kwa aliyelelewa ukimbizini, elimu ambayo babu yake aliipata kwa kuishi tu ikawa mtihani.

Historia inaonyesha kwamba ujuzi ukikatika ni vigumu kuunganisha. Mababu wa watu hawa walijulikana kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuvutwa na tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 mtepe mpya, uliopewa jina la Shungwaya, ulijengwa Zanzibar na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Watu waliuendea kuutazama. Haukurudisha biashara ya mitepe, kwa sababu chombo kimoja si sawa na mlolongo wa mafundi. Na tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo hilo iliporomoka.

Mashine haina macho

Tangu Kenya, Somalia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilipotia saini mkataba wa kurejea kwa hiari Novemba 2013, maelfu ya watu wamerudi kutoka Dadaab, na Kismayo ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuwapokea kuanzia Desemba 2014. Wapo wanaorudi na mtaji, na wengine na msaada wa ndugu walio ng'ambo.

Fedha hizo hununua mashine, simu zenye ramani na mitungi ya hewa ya kuzamia. Vyote vina faida. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mvuvi arudi kwenye tanga la mkeka. Lakini kila kimoja humruhusu mtu kuruka madaraja.

Mashine humfikisha mbali kijana ambaye hajui kurudi ikizimika. Ramani ya simu huonyesha kisiwa kilipo, lakini haionyeshi wimbi linalovunjika leo mlangoni. Mtungi ndio hatari zaidi. Mzamiaji wa pumzi hawezi kuzidisha, kwa maana kifua chake kinamrudisha juu. Mwenye mtungi hukaa chini muda mrefu, na kwenye kina cha mita 10 tu shinikizo limeshakuwa maradufu ya la juu. Akipanda ghafla, hewa iliyoyeyuka mwilini hufanya mapovu ndani ya damu. Matokeo yake ni maumivu ya viungo, kupooza na hata kifo. Mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea, walisema wahenga. Je, asiye na hata hayo mazoea?

Wazee nao wajiulize

Hata hivyo, haitakuwa haki kuwalaumu vijana peke yao. Ngazi ya zamani ilikuwa na maovu yake. Wapo wakubwa walioficha ujuzi ili wasipate wapinzani. Wapo waliochukua fungu nono la mapato na kumwachia kijana makombo kwa miaka mingi. Kijana mwenye mke na watoto hawezi kuambiwa avumilie tu ilhali anatazama wenzake wakipata riziki mjini.

Polepole ya kufundisha ni jambo jema. Polepole ya kunyonya ni dhuluma. Kinachozitofautisha ni kama aliye chini anaona daraja linalofuata na anajua atapewa akistahili.

Lamu imeonyesha kwamba ya kale na mapya yanaweza kukaa chombo kimoja. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, dau lililoundwa kwa takataka za plastiki, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki ilikuwa ngeni, lakini mikono iliyoiunda ni ya mafundi waliolelewa na tezo.

Kwa anayerejea na kwa anayepakia

Kwa hiyo, ndugu unayerejea, ukipanga bajeti ya mashua na mashine, tenga pia fungu la mzee mmoja anayeijua bahari hiyo. Mlipe akae chomboni misimu miwili, hata kama hawezi tena kuvuta kamba. Vijana wako waanze kwenye ngama, lakini wapewe mgao unaoeleweka na waambiwe wazi ni lini watashika mshipi na ni lini watashika shikio. Kusi likikaza, wabaki ndani ya mwamba wajifunze kurekebisha nyavu na kukalafati chombo.

Nawe mfanyabiashara, kabla ya kupakia magunia yako, usitazame ukubwa wa mashine peke yake. Muulize nahodha amelelewa na nani, alianza na chombo gani, na ni nani aliyemwachia shikio usiku kwa mara ya kwanza. Nahodha wa kweli hachukii swali hilo. Atakutajia majina, na majina hayo utayasikia pia kwa watu wengine ukiuliza Kiunga au Kismayo. Mwenye kununua cheo hana wa kumtaja.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Wanaocheza kwenye kompyuta waliopoteza ngazi yao waliirudisha kwa kura. Visiwani hakuna kura itakayomrudisha nahodha aliyekwisha kuzikwa. Lakini wapo ambao bado wako hai, wamekaa barazani Kizingitini, Kiunga na Chula. Kusi litapita na bahari itatulia. Kabla vyombo havijatoka, waulizwe.